Alama 200 za Kiingereza: Yanayofundishwa Darasani na Yanayobaki Mtaani

Biashara yangu ni saiba. Iko Jericho, Makadara, hatua chache kutoka sokoni, na kazi zake ni zile zile za saiba zote za Eastlands: kuchapa, kuprinti, kutoa kopi, kujaza fomu za eCitizen na za KRA, kutengeneza CV. Kwa hiyo somo la Kiingereza hunipitia mikononi mara mbili. Kwanza huja likiwa mtihani. Wanafunzi wa Ofafa Jericho, wa Aquinas na wa shule ndogo za kutwa huniletea karatasi za mitihani iliyopita, miongozo ya vitabu teule na madokezo ya mwalimu niwatolee kopi. Miaka michache baadaye wale wale hurudi wakiwa watu wazima. Huyu anataka barua ya kuomba kazi, yule kumbukumbu za chama, mwingine hotuba ya kusoma kwenye matanga au malalamiko ya kumpelekea mwenye nyumba. Hapo ndipo ninapojua nani alishika nini.

Wazazi wengi wa huku Makadara wanadhani Kiingereza cha sekondari ni cha kumlainisha mtoto ulimi, aongee kama msomaji wa habari. Akitoka shuleni anaongea Sheng kama alivyoingia, wanasema karo imeliwa. Mimi nasema hawajatazama vizuri kinachofundishwa. Na nasema pia, kwa haya ninayoyaona kila siku mbele ya mashine yangu, kwamba sehemu za somo hili ambazo wanafunzi huzidharau ndizo zinazowafaa zaidi wakishamaliza shule.

Karatasi tatu

Mwanafunzi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hufanya karatasi tatu za Kiingereza, alama 200 kwa jumla.

Karatasi ya kwanza ina alama 60 na huchukua saa mbili. Ndani yake mna uandishi wa kiuamilifu, yaani barua, ripoti, kumbukumbu na mengine ya namna hiyo, kwa alama 20. Kisha kuna kifungu chenye mapengo 10 ya kujaza, na mwisho stadi za kusikiliza na kuzungumza kwa alama 30.

Karatasi ya pili ina alama 80 kwa saa mbili na nusu. Ufahamu una alama 20, dondoo kutoka kwa kitabu teule 25, shairi au hadithi ya fasihi simulizi 20, na sarufi 15.

Karatasi ya tatu ina alama 60, nayo huchukua saa mbili na nusu. Ni insha tupu, tatu kwa idadi, kila moja alama 20: ya kwanza ya kubuni, ya pili kuhusu riwaya ya lazima, ya tatu kuhusu kitabu kimoja kati ya vile vya kuchagua.

Angalia hesabu hiyo. Sarufi yenyewe, ile ambayo sisi wazazi tunadhani ndiyo Kiingereza, ina alama 15 peke yake katika swali lake. Zilizobaki zinatafuta kitu kingine: kama mtoto anaweza kusoma jambo akalielewa, akaliandika kwa utaratibu, na akatetea anachosema.

Kumbukumbu za chama

Nianze na uandishi wa kiuamilifu, kwa sababu ndio unaoniingizia riziki. Wanafunzi huuona kama kazi ya kukariri miundo. Barua rasmi ina anwani mbili, kichwa chake na namna yake ya kufunga. Ripoti ina utangulizi, mbinu zilizotumika, matokeo na mapendekezo. Kuna memo, ilani, tangazo, hotuba, ratiba, barua pepe, hata maelezo ya kupika chakula, yenye viungo na vipimo vyake na hatua moja baada ya nyingine. Vijana wa kiume hucheka wakiletewa swali la mapishi.

Sasa njoo Jumamosi jioni, vyama vinapotoka mikutanoni. Kuna kikundi cha kina mama wa Maringo ambacho katibu wake ni binti aliyemaliza Kidato cha Nne si zamani sana. Daftari lake ukilifungua utaona shule imefanya kazi. Juu kabisa jina la kikundi, tarehe, mahali, na saa mkutano ulipoanza. Kisha waliohudhuria, pamoja na vyeo vyao. Kisha waliokosa wakatoa udhuru, na mbali nao, waliokosa bila udhuru. Waalikwa wana orodha yao. Ajenda inafuata, na kila jambo lililozungumzwa lina nambari yake, mwezi na mwaka. Mwisho mna mengineyo, saa ya kufunga, na nafasi za sahihi za mwenyekiti na katibu. Daftari hilo hujazwa kwa Kiswahili, ila mpangilio wake ni ule ule aliofundishwa katika kipindi cha Kiingereza.

Siku moja mama mmoja alidai kwamba mkopo wake wa shilingi elfu kumi aliulipa wote, mwingine akasema nusu bado. Sauti zikapanda hadi kwangu. Binti akafungua daftari, akatafuta nambari, akasoma: mama fulani amerudisha elfu tano, salio atalipa mkutano ujao. Mkutano huo ujao ulikuwa umeandikwa pia, na jina la mama huyo lilikuwa kwenye orodha ya waliokosa wakatoa udhuru. Ugomvi ukaishia hapo. Na kikundi hicho kilipotaka kusajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kumbukumbu zilizoitishwa zilikuwa tayari. Kazi yangu ilikuwa kuzichapa tu.

Vikundi visivyo na mtu wa aina hiyo hunijia na karatasi iliyoandikwa, "Tulikutana tukakubaliana mambo mengi." Mambo gani? Nani alikuwepo? Hawajui. Mimi siwezi kuwachapia kitu ambacho hakikuandikwa.

Barua za kazi nazo ni hivyo hivyo. Wadi ya Viwandani iko ndani ya Makadara, na kuna vijana huku ambao kila asubuhi huenda kusimama kwenye malango ya viwanda wakingoja kuitwa kibarua. Wanapotaka kazi ya kudumu huambiwa walete barua. Anayekumbuka kidogo alichofundishwa hunijia na aya tatu: kazi anayoomba na mahali alipoiona ikitangazwa, masomo na uzoefu wake, na lini anaweza kupatikana. Asiyekumbuka huniambia, "Mathe, niandikie tu vile huandikwa." Namwandikia, lakini barua hiyo inafanana na nyingine zote zilizotoka kwenye mashine yangu wiki hiyo, na mwenye kuajiri si mjinga.

Mtihani wa kuongea bila kuongea

Sehemu ya stadi za kuzungumza ina kituko chake. Ni mtihani wa mdomo unaofanywa kwa kalamu. Wanaosoma Kifaransa au Kijerumani huketi mbele ya mtahini wakaongea. Wa Kiingereza huandika kwenye karatasi jinsi ambavyo wangeongea. Huulizwa maneno gani hutamkwa sawa ingawa tahajia ni tofauti, kama "knight" na "night". Huulizwa herufi gani haitamkwi, mkazo unaangukia silabi gani, sauti ipande au ishuke mwishoni mwa sentensi. Hupewa mazungumzo yenye mapengo wayajaze kwa adabu. Huulizwa utajiandaa vipi kabla ya kuhojiwa kazi, au utajuaje kwamba wasikilizaji wako hawakufuatilii.

Mtu aweza kusema sauti haifundishwi kwa wino, na ana haki. Lakini zingatia mazingira yetu. Mtaa mmoja wa Makadara una watoto ambao nyumbani wanasikia Kijaluo, Kikamba, Kikuyu, Kiluhya, na nje wanaongea Sheng. Kila lugha inaacha alama yake kwenye Kiingereza. Huyu sauti ya "sh" inamtoka "s", yule "r" na "l" zinabadilishana nafasi. Vijana huita hali hiyo kushrabu, na anayeshrabu huchekwa darasa zima. Wengine hunyamaza mwaka mzima kwa kuogopa kicheko hicho. Mwalimu mzuri hukitumia kipindi cha matamshi kumaliza jambo hilo: anaonyesha sauti inatoka wapi, ulimi unakaa wapi, kila mtu anajaribu, kila mtu anakosea, na hakuna anayebaki wa kuchekwa.

Mwalimu mbaya naye anatumia aibu. Katika shule niliyosomea, aliyeshikwa akiongea Kiswahili au lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, tukikiita "diski", akatembea nacho mpaka amshike mwenzake. Tulichojifunza kutokana na kibao hicho ni kupelelezana. Kiingereza hakikuongezeka.

Maswali ya adabu ndiyo yanayochekwa zaidi, kwamba ni maswali ya bure. Fika mapema siku ya mahojiano, vaa nadhifu, chunguza kampuni inafanya nini, panga vyeti vyako, sikiliza swali hadi mwisho kabla ya kujibu. Nani hajui hayo? Nawaona wengi wasioyajua. Mtu anakuja saa mbili kasoro kumi kuprinti CV ya mahojiano ya saa mbili, na cheti chake amekiacha nyumbani.

Ufahamu na Mswada wa Fedha

Ufahamu ni kusoma kifungu na kujibu maswali. Juujuu ni kazi rahisi, kwa kuwa majibu yako mbele yako. Ugumu uko kwenye maagizo. Mengine hutaka ujibu kwa maneno yako mwenyewe, na ukinakili sentensi ilivyo unakosa alama. Mengine hutaka muhtasari kwa nukta, bila porojo. Mengine huuliza msimamo wa mwandishi, jambo ambalo halikuandikwa popote waziwazi na ambalo unatakiwa ulinuse katika uteuzi wa maneno yake.

Faida ya mazoezi hayo niliiona Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa kwa Kiingereza cha kisheria, kurasa na kurasa, kila kifungu kikielekeza kwenye sheria nyingine. Vijana nchini waliusoma, wakaufupisha, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani, wakausambaza kwenye simu. Hata kwangu waliuprinti vipande vipande. Kijana mmoja aliyemaliza shule ya kutwa hapa hapa alisimama mbele ya kaunta akamweleza mama mboga kwamba mkate ungetozwa ushuru wa thamani ya ziada (VAT) wa asilimia 16, na kwamba mwenye gari angelipa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Mama akauliza, "Na mkate umeandikwa wapi hapo?" Kijana akaeleza kwamba mkate umo katika bidhaa zinazoondolewa kwenye orodha ya zile zinazotozwa VAT ya asilimia sifuri, akamwekea kidole penye neno hilo.

Aliyoyafanya kijana yule yote yamo katika karatasi ya pili: kusoma maandishi magumu, kuyasema kwa maneno yake, kuonyesha mahali alipoyatoa. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Sisemi somo la Kiingereza liliangusha mswada. Walioingia barabarani kuupinga walilipa gharama kubwa, wengine kwa maisha yao. Nasema hakuna aliyeweza kuwaambia vijana wale kwamba hawakuusoma.

Vitabu teule

Sehemu yenye utamu na kelele nyingi ni ya fasihi. Hapa panataka historia kidogo.

Wazee waliosoma wakati wa mitihani ya Cambridge walilishwa Shakespeare na wenzake. Mwaka 1968, katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika wakidai Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake paanzishwe idara inayoiweka Afrika katikati, pamoja na fasihi simulizi yake. Hoja hiyo ikateremka hadi sekondari. Mwaka 1974 walimu na wahadhiri walikutana katika Shule ya Nairobi kujadili fasihi ifundishwe vipi katika shule za upili. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiingereza na fasihi, ambavyo awali vilikuwa masomo mawili, viliunganishwa kuwa somo moja, na KCSE ya kwanza ikafanywa 1989. Ndiyo maana mtoto wako leo anaulizwa hadithi ya fasihi simulizi katika mtihani wa Kiingereza. Watu waliipigania.

Tangu hapo vitabu vimekuja na kuondoka. The River and the Source cha Margaret Ogola, daktari wa watoto aliyeandika juu ya vizazi vya wanawake wa familia moja ya Kijaluo, kilisomwa na maelfu kwa maelfu. Coming to Birth cha Marjorie Oludhe Macgoye, kilichotoka 1986, kinamfuata Paulina, msichana anayefika Nairobi kwa gari la moshi mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari, kuishi na mumewe Pumwani. Pumwani ni jirani zetu. Mwanafunzi wa Makadara aliyekisoma kitabu hicho alipata kuona kwamba mitaa hii ya vyumba vidogo ni mahali pa riwaya kama palivyo pengine popote. Blossoms of the Savannah cha Henry Ole Kulet kiliwaletea wanafunzi ndugu wawili wa kike wanaopambana na ukeketaji.

Mzunguko ulioanza kutahiniwa 2023 una riwaya ya lazima Fathers of Nations ya Paul B. Vitta na tamthilia ya lazima The Samaritan ya John Lara. Vya kuchagua ni mkusanyiko wa hadithi fupi A Silent Song, tamthilia A Parliament of Owls ya Adipo Sidang', na riwaya An Artist of the Floating World ya Kazuo Ishiguro. Katika The Samaritan, wanafunzi na mwalimu wao wanaunda programu ya simu ya kufichua ufisadi mjini mwao. Sihitaji kueleza kwa nini vijana wa huku wanaipenda. Cha Ishiguro ni kigumu zaidi. Ni mzee wa Kijapani, mchoraji, aliyeitumikia serikali yake kwa sanaa kabla ya vita na ambaye baadaye anazungukazunguka asikiri alichofanya. Nilimsikia msichana mmoja akimweleza mwenzake wakingoja kopi: "Huyo mzee hadanganyi wewe, anajidanganya mwenyewe." Kama mwalimu angekuwepo, angempa alama zote.

Insha ya vitabu teule ina masharti yake. Unapewa kauli, kwa mfano kwamba viongozi wabaya huiangamiza nchi, na unatakiwa kuithibitisha kwa kutumia kitabu. Walimu huwafundisha wanafunzi wafungue kwa utangulizi, watoe hoja nne, kila hoja waitegemeze kwa tukio kutoka kitabuni, waeleze tukio hilo linathibitisha vipi kauli, kisha wahitimishe. Huruhusiwi kusema tu kwamba mhusika ni mchoyo. Alifanya nini? Wapi? Uchoyo uko wapi katika kitendo hicho? Katika mtaa ambao uvumi wa WhatsApp hupita kasi kuliko matatu za Jogoo Road, kumzoeza kijana kudai ushahidi kabla ya kukubali ni kazi yenye maana kubwa.

Tatizo ni mkato. Miongozo ya vitabu teule inauzwa kila mahali, na mimi nakiri naitolea kopi kila siku kwa sababu ndiyo biashara. Mwongozo unakupa muhtasari wa kila sura, maudhui yakiwa yamepangwa, wahusika wakiwa wamechambuliwa. Mwanafunzi anayekariri mwongozo bila kufungua kitabu anajulikana haraka. Mvulana mmoja alinitajia maudhui ya Fathers of Nations bila kupumua: uongozi mbaya, ufisadi, utegemezi kwa wageni. Nikamuuliza mkutano wa marais umefanyikia mji gani. Akafikiri. "Nairobi?" Ni Banjul, Gambia, na jambo hilo liko wazi tangu mwanzo wa kitabu.

Insha ya kubuni

Insha ya kwanza katika karatasi ya tatu humpa mwanafunzi sentensi ya kuanzia au ya kumalizia hadithi, au mada ya kujadili, aandike maneno yasiyozidi 450. Hapa panastahili kuwa pa kupumua. Badala yake wengi huingia na insha waliyokariri, yenye jua la asubuhi na ndege wanaoimba, wakalazimisha sentensi ya mtihani mwishoni. Nikichapa kazi hizo kwa ajili ya majarida ya shule hushangaa. Mtoto aliyelala akisikia treni zikipita karibu na Makongeni, aliyeona mafuriko yakiingia nyumbani kwao Mukuru, anaandika juu ya shamba la babu ambalo hajawahi kukanyaga.

Wapo walimu wanaowaambia waandike wanachokijua, hata wahusika wao waongee kama watu wa Jericho wanavyoongea pale panapofaa. Kazi za wanafunzi hao nazisoma hadi mwisho. Sheng haiharibu Kiingereza cha mtu anayejua ni wakati gani wa kuitumia na wakati gani wa kuiweka kando. Na kujua tofauti hiyo ni sehemu ya somo.

Mambo yanabadilika

Mzazi ajue pia kwamba sheria za mchezo zimebadilika. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani hukokotolewa kwa kutumia Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Lugha hiyo yaweza kuwa Kiswahili. Aliyelemewa na Kiingereza si lazima kizame naye. Nimefurahi kwa hilo, na Kiswahili kimepata heshima kinayostahili. Lakini nimeanza kusikia vijana wakisema Kiingereza wataachana nacho, wabaki na Kiswahili pekee. Barua za kazi ninazochapa zingali kwa Kiingereza karibu zote, na hata hukumu zinazotoka mahakama ya Makadara huandikwa kwa Kiingereza.

Mabadiliko makubwa zaidi ni mtaala mpya. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za upili za juu. Kiingereza kimebaki somo la lazima kwao. Fasihi ya Kiingereza, kwa upande wake, imetengwa ikawa somo la kuchagua katika mkondo wa Sayansi ya Jamii. Kwa hiyo ndoa iliyofungwa 1985 imevunjwa. Wanaotetea uamuzi huo wanasema anayependa fasihi ataisoma kwa kina. Hofu yangu ni kuhusu fundi wa kesho, nesi wa kesho, mhandisi wa kesho, ambaye huenda akamaliza shule bila kuzoezwa sana kubishana juu ya riwaya na kutoa ushahidi. Watu hao ndio wengi, na ndio watakaotusimamia.

Waliobaki katika 8-4-4 watafanya KCSE ya mwisho mwaka 2027. Kwao na kwa wazazi wao nina maneno machache. Kabla ya kununua mwongozo, nunua kitabu, au nenda ukaombe maktabani. Makadara tuna bahati ya kuwa na maktaba mbili za umma, moja Kaloleni na nyingine hapa Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan yaliyokarabatiwa na shirika la Book Bunk lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Kuna meza, kuna mwanga, kuna utulivu ambao nyumba zetu za chumba kimoja hazina.

Na wewe mzazi uliye kwenye chama, mtafute mwanafunzi wa Kidato cha Tatu au cha Nne, mpe daftari, mwambie aandike kumbukumbu za mkutano ujao. Mkimaliza mkutano mwambie asome kwa sauti alichoandika. Ikiwa hakuna jambo lililoachwa na hakuna lililoongezwa, basi karo yako inafanya kazi. Ikiwa lipo, mrudishie daftari akaandike upya, kisha nileteeni nichape.